Ng'ombe Watano wa Balangdalalu

Mimi ni mwoga, nalisema mapema ili mtu asije akanitafutia ushujaa mahali ambapo haupo. Ofisini kwetu Mbulu walidhani mimi ni mkali, kwa sababu naongea kwa sauti na sivumilii mtu anayechelewa kikao, lakini ukali wangu wote ni kelele tu. Barua ikija na jina langu juu ya bahasha, naizungusha mezani nusu siku kabla sijaifungua. Nimekuwa hivyo tangu shule, na kazi niliyoipata ikanizidishia.

Kazi yenyewe ilikuwa kuhakiki kaya katika mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini. Unakwenda nyumba kwa nyumba na kishikwambi mkononi, unauliza wanalala watu wangapi, paa ni la nini, wanakula mara ngapi kwa siku, wana mifugo gani. Unabonyeza majibu, yanatumwa, na huko yanakotumwa ndiko kunakoamuliwa nani abaki kwenye orodha na nani atolewe. Tulipenda sana kuwaambia watu kwamba si sisi tunaoamua, ni mashine. Ilikuwa kweli nusu. Mashine inaamua kwa kile ulichobonyeza wewe.

Kulikuwa na kanuni moja ambayo tuliimbiwa mpaka masikio yakachoka: mtumishi haruhusiwi kugusa faili la ndugu yake. Kila mwaka tulijaza fomu ya kutamka maslahi. Mimi nilijaza bila kuficha kitu, maana baba yangu mzazi alikuwa kwenye orodha. Aliandikishwa kabla sijaajiriwa: mzee aliyefiwa na mke, shamba dogo la mteremkoni, hana ng'ombe hata mmoja. Ng'ombe waliisha mwaka ule wa ukame mkubwa, ndivyo alivyotuambia sisi wanawe, na ndivyo alivyomwambia yule aliyemwandikisha. Nilimtaja kwenye fomu, faili lake akapewa mtu mwingine, na mimi sikuwahi hata kulifungua. Nilijiona msafi, tena nilikuwa na kiburi kidogo mbele ya wenzangu waliojaza fomu zao kwa kusitasita.

Mwaka ninaousimulia, wakubwa wakaona fomu peke yake haitoshi. Walisema Mbulu kila mtu ni shemeji wa mtu, jambo ambalo si uongo, basi wakatubadilisha: sisi wa Mbulu tukahakiki Hanang, na wa Hanang waje kwetu. Baadhi ya wenzetu hao walitupwa mpaka Yaeda Chini, kwenye zile njia za mawe na vumbi, na nasikia walitulaani mwezi mzima. Mimi nikapangiwa Balangdalalu. Nilifurahi, kwa sababu Balangdalalu sikuwa na ndugu, hakuna wa kwetu aliyeolewa huko wala aliyehamia huko. Nilipanda basi nikiwa mwepesi kabisa.

Siku ya nne ndipo tulipofika kwa yule mama. Nilikuwa na mtendaji wa kijiji, kijana mtaratibu aliyejua kila nyumba na kila mbwa. Njiani alinieleza habari za kaya tunayokwenda, kama ilivyo kawaida. Ni mjane wa familia ya wafugaji. Mwanawe wa kiume alikwenda kutafuta maisha na hakurudi, akamwachia binti wa miaka saba ambaye miguu haimbebi na kutafuna hawezi. Kila mwezi anapelekwa kliniki ya mazoezi, mbali, na gari linalipwa kwa ruzuku ya mpango.

"Huyu akitolewa kwenye orodha," mtendaji alisema, "mtoto hafiki kliniki. Hilo nakuambia wazi."

Nilimjibu lile jibu letu la mashine.

Nyumba ilikuwa ya udongo, chumba kimoja na sehemu ya kuku. Mtoto alikuwa amelazwa kivulini juu ya ngozi, akageuza shingo kututazama, akacheka. Yule mama alituletea vigoda viwili, yeye akabaki amesimama akiegemea fimbo. Alinitazama. Mtu akikutazama hivyo mjini unamuuliza kama anakudai, lakini kwa mzee unainamisha macho, na mimi nikayainamisha kwenye kishikwambi. Maswali yakaenda vizuri: watu wawili, chumba kimoja, mlo mmoja na uji wa maziwa wa mtoto. Kila jibu lilimbakiza kwenye orodha. Nilikuwa nimeanza hata kumfurahia.

Kisha nikauliza habari za mifugo, na mtendaji akanionyesha boma la miiba nyuma ya nyumba. Siku hiyo ng'ombe hawakwenda malishoni kwa sababu walikuwa wakisubiri chanjo; nadhani waliohakiki kabla yangu hawakuwahi kuwakuta bomani. Walikuwa watano: majike watatu, dume mmoja mchanga, na ndama. Nikasogea kuwatazama, na ndipo nilipoziona alama.

Kila mmoja, sikio la kushoto lilikuwa na mikato miwili midogo upande wa nyuma, na pajani alikuwa na mstari mmoja wa moto unaopinda ukikaribia goti. Alama hiyo naijua kuliko sahihi yangu. Nikiwa mdogo mimi ndiye niliyekuwa nashika kamba huku baba akichoma, na nilikuwa nafumba macho na kuzuia pumzi kwa ajili ya ile harufu. Hata ndama alikuwa nayo, na kidonda cha sikio bado kibichi. Aliyemkata alikuwa amefuata alama ya baba yangu bila kupunguza wala kuongeza.

Kwa asiyetoka kwetu, lazima nieleze. Mtu mwenye ng'ombe haweki wote nyumbani kwake. Ugonjwa ukiingia unafagia boma lote, na ndugu wakiona boma limejaa kila mmoja anakuja na shida yake. Kwa hiyo wengine unawaweka kwa rafiki, mbali, mahali ambapo jirani zako hawapiti. Anayewafuga anakunywa maziwa, anatumia samadi, na baada ya muda anapewa mtamba wake. Wanyama wanabaki wako. Na yule anayefuga hamtaji mwenye ng'ombe kwa mtu yeyote, awe mgeni, awe karani wa serikali, awe hata mwanawe mwenyewe. Ukishamtaja, hakuna atakayekuwekea mnyama tena, na hakuna atakayekuamini kwa lolote. Mimi nilijua tangu utotoni kwamba baba aliwahi kuwa na rafiki wa hivyo upande wa Hanang, mtu waliyejuana mnadani. Jina la kijiji sikuwahi kuambiwa. Na nilidhani mambo hayo yaliisha pamoja na ng'ombe wenyewe.

Nilirudi kwenye kigoda. Sauti ilinitoka nyembamba, mtendaji akanitazama.

"Mama, ng'ombe hawa ni wa nani?"

"Ni wangu," alisema.

"Wote watano?"

"Wote."

Hakukwepesha macho. Na hapo nikaelewa kwa nini alikuwa ananitazama tangu tulipofika. Alikuwa anajua mimi ni mtoto wa nani. Alikuwa ananiambia mbele ya mtendaji kwamba siri ya baba yangu iko salama, nisiwe na wasiwasi, nibonyeze. Hakujua, au alijua na hakujali, kwamba nikibonyeza ng'ombe watano mali ya kaya, mashine inamtoa siku hiyohiyo, na mtoto yule aliyecheka hapandi gari la kliniki tena.

Nikaangalia kioo. Chini ya swali kulikuwa na chaguo la pili: mifugo si mali ya kaya. Ukiligusa hilo, kishikwambi hakikubali kuendelea mpaka uandike jina la mwenye mali na kijiji chake. Kidole changu kilikuwa hewani. Jina lilikuwa la baba. Kijiji kilikuwa chetu. Na baba huyo aliapa mbele ya serikali kwamba hana ng'ombe, na mwanawe ni mtumishi wa mpango uleule. Ni nani angeamini kwamba sikujua? Hata mimi nisingeamini, ningekuwa mtu mwingine.

"Chaji imeisha," nikasema, nikakizima.

Ilikuwa mchana, asubuhi tu nilikuwa nimekichaji, na mtendaji alikiona kioo kinavyowaka. Akainuka kwenye kigoda. Tulipokuwa tunaondoka yule mama alinishika mkono, akasema kwa sauti ya chini, lakini si ya chini kiasi cha kusikika na mimi peke yangu, "Una paji la baba yako. Msalimie." Mtendaji alikuwa hatua mbili mbele yangu. Sikujua kama amesikia, na siku nzima iliyobaki nilimtazama kisogoni kama mtu anayesoma tangazo.

Kesho yake nilijaza fomu. Msimamizi wa timu yetu alikuwa mama mmoja mtu mzima, mpole, mwenye miwani inayoning'inia shingoni, na aliipenda ile kanuni kwa moyo. Fomu ina jedwali la uhusiano: mume, mke, mzazi, mtoto, ndugu wa damu, shemeji. Hakuna mstari wa mtu anayemfugia baba yako ng'ombe. Kuna nafasi ndogo ya mengineyo, na hapo nikaandika maneno matatu: rafiki wa familia. Nilisema naomba kaya hiyo apewe mwenzangu.

Nilipokuwa naandika nilijiambia kwamba natimiza kanuni, na kweli nilikuwa naitimiza, herufi kwa herufi. Mtumishi akiona ana maslahi, anatamka, anajiondoa, anakabidhi. Ila nilijua pia kitakachofuata. Mwenzangu atakwenda, atauliza, yule mama atasema ni wangu, wote. Atabonyeza. Mikono yangu itakuwa misafi na mtoto atabaki kwenye ngozi yake. Baba atabaki kwenye orodha. Nililijua hilo lote nikiwa nimeshika kalamu, na bado nikaweka sahihi.

Kwenye kikao cha asubuhi msimamizi akanisimamisha mbele ya wenzangu. Alisema hajawahi kuona mtumishi anajiondoa kwa urafiki tu, wengine hata kwa ndugu wanavuta miguu, na kwamba mimi ni mfano wa kuigwa. Wakanipigia makofi. Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Mwenzangu aliyepewa faili, mtu wa utani mwingi, akaniinamia sikioni.

"Kumbe una marafiki Hanang? Wa moyo au wa ng'ombe?"

Nilicheka kwa nguvu kuliko utani wenyewe. Alisema angekwenda kwa yule mama Jumanne.

Jumamosi nikaomba ruhusa nikapanda gari kwenda nyumbani. Njia yote nilipanga maneno, na yote yakanipotea nilipomwona baba anapalilia kitunguu, mgongo umepinda, koti lake lilelile. Alifurahi kuniona. Alinipikia mwenyewe, tangu mama afariki amekuwa mpishi mzuri wa maharage na anapenda kusifiwa. Nikamsifu. Tulipokwisha kula nikamwambia nilikuwa Balangdalalu, nikaona ng'ombe wenye alama yake.

Hakushtuka. Alichokonoa meno kidogo.

"Uliuliza ni wa nani?"

"Niliuliza."

"Akasemaje?"

"Akasema ni wake. Wote."

Baba akatikisa kichwa polepole, na macho yakamlowa. "Yule mwanamke ni mtu," alisema. "Mume wake alikuwa mtu, na yeye ni mtu." Kwake yeye habari ilikuwa imeishia hapo, tena imeishia pazuri.

Nikamweleza basi kwamba haijaisha. Kwamba neno lile linamtoa mama yule kwenye mpango. Nikamweleza habari za mtoto, miguu, kliniki, gari. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema serikali inatoa na serikali inaondoa, haina wema wala ubaya, lakini yeye akimaliza mavuno atampelekea yule mama mtamba mmoja awe wake moja kwa moja. Hivyo ndivyo mambo yanavyorekebishwa, alisema, na wala si kwa kubonyezabonyeza.

"Baba, ulimwambia karani huna ng'ombe."

"Aliniuliza una ng'ombe hapa? Hapa sina."

"Hakuuliza hapa."

"Mimi nilisikia hapa."

Nilipandwa na hasira, kwa sababu mimi huwa nakasirika nikiogopa. Nilimwambia amenifanya mwongo kwenye fomu niliyoijaza kwa mkono wangu, na nikifukuzwa kazi nitarudi hapa kupalilia vitunguu naye. Aliificha mikono katikati ya mapaja, mikono ile iliyokuwa inashika chuma cha moto bila kusita. Sikuwahi kufikiri kwamba baba yangu anaweza kuogopa kitu.

"Orodha inasomwa mkutanoni," alisema. "Mbele ya watu wote. Mimi nitasomwa kama mwizi, na umri huu. Usinitaje, mwanangu."

Hakuwahi kuniomba kitu maishani. Alikuwa anaagiza tu. Nilisema sawa, baba.

Nilirudi Hanang Jumatatu nikiwa nimeamua kunyamaza. Jioni yule mwenzangu wa utani akanikuta naosha viatu, na safari hii hakuwa na utani. Alisema amempigia mtendaji kupanga safari ya kesho, na mtendaji amemwambia mambo mawili. La kwanza, kwamba siku ile kishikwambi changu kilikuwa na chaji. La pili, kwamba yule mama anamjua baba yangu kwa sura.

"Sikuulizi," alisema. "Lakini kesho nitaulizwa mimi. Nijibu nini?"

Ningependa sana kuandika hapa kwamba nilimfikiria mtoto. Nilimfikiria, ndiyo, alikuwepo kichwani muda wote na kicheko chake. Lakini kilichoniinua pale chini kilikuwa hofu ya kukamatwa, iliyokuwa imeipita hofu ya kumwangusha baba kwa kidole kimoja. Nilikwenda kwa msimamizi mapema Jumanne, kabla pikipiki haijaja kumchukua mwenzangu. Nikaomba fomu yangu. Chini ya yale maneno matatu nikaandika mengine mpaka nafasi ikaisha, nikageuza karatasi nikaendelea nyuma: ng'ombe ni wa baba yangu mzazi, anafugiwa, mama huyu si mwenye mali, baba yangu ni mnufaika wa mpango, na mimi nilidanganya kuhusu chaji.

Msimamizi alivaa miwani, akasoma, akarudia kusoma. Alivyoivua nikaona na yeye ameingiwa na woga, maana alikuwa amenisifu mbele ya watu.

"Hii itafika Mbulu," alisema.

"Najua, mama."

"Baba yako anajua unaandika?"

"Hajui. Aliniomba nisiandike."

Alipiga meza kwa ncha ya kalamu. "Ungeacha pale kwenye rafiki wa familia," alisema, "kanuni ilikuwa imeshatimia. Nisingekuuliza tena." Hakusema kwa kunilaumu wala kwa kunisifu. Kisha akagonga muhuri, akaniambia kuanzia dakika hiyo faili la yule mama na la baba yangu nisiyaguse, nisiyaulizie, nisimshauri mtu yeyote katika hizo kaya mbili jambo lolote linalohusu mpango. Nikikutwa natoa ushauri, ndiyo mwisho wa mkataba. Akanifanya nirudie kwa mdomo wangu, nikarudia.

Yule mama akabaki kwenye orodha. Mimi nilirudishwa Mbulu nikawekwa masijala, kupanga mafaili kwenye rafu, huku uamuzi wa mkataba wangu ukisubiriwa. Kila simu ya mezani ilipolia nilibaki na faili mkononi nikisikiliza. Na wiki ile orodha mpya ikasomwa kijijini kwetu.

Nilikwenda kwenye mkutano, kwa sababu kukaa ofisini na kuusubiri kungeniua. Nilisimama nyuma, karibu na ukuta wa ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alisoma waliobaki, kisha waliotolewa. Alisoma jina la baba, akasoma na sababu yake kama ilivyoandikwa: ana mifugo Hanang. Kukawa na mnong'ono, watu wakageuza shingo. Baba akasimama. Nilidhani atakana. Akasema, "Ni kweli," akavua kofia, akaivaa tena, akakaa. Baada ya mkutano tulitembea pamoja mpaka nyumbani na akaniongelesha habari za mbegu za mahindi. Hakunilaumu siku hiyo wala siku nyingine, na mimi nilikuwa nasubiri lawama hizo kila mara anapofungua mdomo.

Haikuchukua muda, Jumamosi moja mchana nikiwa kwake, ng'ombe wakaja. Tuliwasikia kabla ya kuwaona. Walikuwa watano, wamechoka, ndama anachechemea, na nyuma yao wachungaji wawili na yule mama mwenyewe na fimbo yake. Walikuwa wametembea siku mbili. Mtoto alimwacha kwa jirani. Baba alitoka akakimbia kama kijana, akamkaribisha kwa heshima zote, akamletea maji, akamwambia akae. Hakukaa.

"Nimekuletea wanyama wako," alisema.

Baba akamsihi. Alimwambia siri imeshakwisha, hakuna cha kuficha, awarudishe basi afuge kwa uwazi. Yule mama akasema hawezi. Ng'ombe walioandikwa serikalini, yeye hawafugi. Leo wameandika si wake, kesho atakuja mwingine aandike ni wake, na yeye kusoma hajui. Aliyasema hayo kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia. Kisha akanigeukia mimi.

"Mimi nimemficha baba yako miaka kumi na moja," alisema. "Sikujua kwamba nilipaswa kumficha hata kwa mtoto wake."

Nilimwambia, mama, ungetolewa. Nilimwambia mtoto asingekwenda kliniki.

"Kliniki atakwenda," alijibu. "Nyumbani atakunywa nini?"

Hakuwa anagomba. Aliuliza kama mtu anayetaka kweli kujua. Baba akaenda kwenye wale ng'ombe, akamshika pembe jike mmoja, yule mwenye maziwa, akasema huyu ni wako. Si wa kufuga. Ni wako kabisa, na ndama wake, mbele ya watu hawa. Maana watu walikuwa wameshajaa kwenye ua, na mwenyekiti wa kijiji akiwa miongoni mwao, mikono nyuma, anatazama.

Yule mama alimtazama jike kwa muda. Alimpapasa shingo. Kisha akaniuliza:

"Mmoja na ndama wake, mashine itanitoa?"

Jibu nililijua. Nilikuwa nimebonyeza kaya nyingi zenye ng'ombe mmoja wa maziwa na ndama wake, na zote zilibaki kwenye orodha. Haitoi mtu. Ilikuwa sentensi moja tu. Lakini mwenyekiti alikuwa pale, na barua ya mkataba wangu ilikuwa bado haijaja, na mimi nilikuwa nimerudia kwa mdomo wangu kwamba sitashauri kaya hizi mbili jambo lolote.

"Wewe ndiye unayejua," yule mama alisema. "Niambie tu."

"Mama," nikasema, "faili lako siruhusiwi kulizungumzia."

Aliitikia kwa kichwa, kama vile ndivyo alivyotarajia. Akaondoa mkono wake kwenye shingo ya yule jike, akamuaga baba, akaondoka na wachungaji wake, bila ng'ombe hata mmoja.